Taa za Nyuma za Phocas

Donatha alirudisha Carina kinyumenyume mpaka buti likakaribia ukuta wa gereji, akavuta breki ya mkono, akasubiri. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, ila sehemu ya chini ilikuwa nyeusi kwa moshi wa magari. Twahir, fundi, alisimama kati ya gari na ukuta, kitambaa cha kufutia mafuta kikiwa begani.

"Kanyaga," alisema.

Donatha alikanyaga breki.

"Zinawaka. Achia. Kanyaga tena. Zinawaka. Washa na zile ndogo." Akainama, akanyanyuka. "Zote zinawaka, Mama Teta. Gari halina ugonjwa."

Twahir alikulia Kigoma kabla wazazi wake hawajarudi nyumbani, na watu wa Mbugangari, mtaa wa gereji, walimtania kwamba anaongea Kiswahili cha redio.

"Jana jioni shemeki wangu alinifuata na pikipiki yake toka sokoni mpaka kwetu Nengo," Donatha alisema. "Anasema hakuona kitu. Giza tu."

"Basi labda ni balbu, inacheza kwenye kikombe chake."

Balbu Twahir alikuwa ameshazibadilisha, na vikombe vyake ameshavisugua kwa msasa. Alikuwa amefuata waya kutoka kwenye usukani mpaka kwenye bawaba ya buti, mahali ambapo waya hukunjwa kila buti linapofunguliwa, mwisho ukakatika ndani kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Akauondoa, akaweka mpya. Alibadilisha swichi ya breki. Alikwangua rangi ya bodi ili waya wa kurudisha umeme ushike bati tupu. Kila mara gari lilipotoka gereji taa zilikuwa zinawaka, na kila mara mtu fulani wa Nengo alimwambia Donatha kwamba hazikuwaka.

Donatha alianza kumshuku Twahir. Kisha akamshuku shemeji yake. Baadaye aliona ni rahisi kuwashuku wote na kuondoa mmoja mmoja, kama fundi anavyofanya.

Carina lilikuwa la mumewe, Phocas, aliyekuwa akinunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kule Rubona na kuzipeleka kwenye hoteli za mjini. Phocas aliogopa magari ya nyuma kuliko ya mbele. Kila alipotaka kuondoka alimwita mkewe asimame nyuma ya gari. Donatha alitoka hata kama alikuwa anapika, mwiko mkononi, na Phocas akamwambia kupitia dirishani, "Naikanyaga." Donatha akajibu, "Inawaka," na hapo tu ndipo alipoondoka. Siku aliyokufa, Donatha alitoka pia. Alikuwa na unga kwenye vidole. Aliona taa mbili nyekundu, akasema, "Inawaka." Hakuna neno jingine alilomwambia tena.

Jioni hiyo, kwenye kona ya barabara ya Rubona inayopanda juu ya ziwa, Phocas alisimama pembeni kukaza kamba ya buti. Pikapu ya mzee Rutagengwa ilimgonga akiwa ameinama nyuma ya gari lake. Rutagengwa alikuwa jirani yao Nengo, mwenye mitumbwi na depo ya samaki, na kiongozi wa jumuiya ya kanisa. Alilia mbele ya watu. Alisema kwamba kama gari lile lingekuwa na taa, angeliona. Waliokuwa barabarani walisema hivyo hivyo. Donatha alisema taa zilikuwa zinawaka, kwamba yeye mwenyewe alizitazama. Walimsikiliza kwa upole, wakamwambia kwamba mke yeyote angesema hivyo.

Baada ya maziko watu walirudi nyumbani, wakanawa mikono getini kama inavyofanywa. Rutagengwa ndiye aliyeshika jagi na kuwamiminia. Kisha mzee Twagirimana, baba mkubwa wa Phocas, akasimama kuwaeleza watu namna marehemu alivyoondoka. Alisema Phocas alikuwa mtu mwema, lakini aliendesha gari lisilo na taa, na hivyo ndivyo alivyojiua na kumtia mwenzake kwenye majonzi. Watu wakaitikia kwa kichwa. Rutagengwa alijitolea kulinyoosha bodi la Carina, na kila mtu akasema ni mutu wa Mungu.

Sasa misa ya mwaka ilikuwa inakaribia. Baada ya misa watu wangekaa tena uani kwa Donatha na Twagirimana angesimama tena kueleza. Donatha alitaka kitu kimoja tu: maelezo yale yabadilishwe kabla watoto wa ukoo hawajayakariri. Hata Teta, binti yake aliyekuwa akisoma bwenini Musanze, alikuwa ameandika kwenye insha yake kwamba baba yake alikufa kwa kutokagua gari. Mwalimu alimpa alama nzuri. Kwa hiyo ugonjwa huu wa taa ulikuja wakati mbaya. Kila zilipozimika, mtu alimwambia Donatha kwa sauti ya kumhurumia, "Unaona sasa?"

Alianza kuwauliza watu asiowajua. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, karibu na mpaka ambako Donatha alikuwa akichukua marobota ya vitenge, alimwambia, "Mama, taa yako iko muzuri, inanichoma macho." Dereva wa lori kutoka Goma alisema vivyo hivyo. Kwenye ukaguzi wa magari, kijana aliyesimama nyuma aliweka alama ya vyema bila kusita. Waliosema haziwaki walikuwa watu wa nyumbani. Na si wote.

Jioni moja alilirudisha gari mpaka karibu na ukuta wa ua wake, ili ajitazamie mwenyewe kwenye kioo. Alikanyaga, na ukuta ukawa mwekundu. Mwanga ulikuwa mzuri, mpana, ulifika mpaka kwenye kamba ya nguo. Alikuwa bado amekanyaga wakati geti lilipofunguka akaingia Nzabonimpa, mdogo wa Phocas.

Wekundu ukakatika.

"Shemeki, we unafanya nini peke yako mu gari?"

"Napima taa."

Nzabonimpa akazunguka nyuma, akatazama. "Haziwake. Si nilikuambia? Uzisha hii voiture. Itakuua na we."

"Niletee maji jikoni."

Alipoingia ndani ukuta ukawa mwekundu tena. Alipotoka na kikombe ukazimika. Donatha alikunywa maji yote, polepole, mguu ukiwa palepale kwenye breki, akamrudishia kikombe.

"Rudisha basi. Usikiache nje, kuku watakiangusha."

"Yo! Mi niko boyi wako sasa?" Nzabonimpa akacheka, akaenda. Ukuta ukawaka. Akarudi. Ukuta ukazimika.

Donatha alifungua mlango akateremka. Hakuona la kushangaa. Aliona kwamba kikombe kilikuwa kimefika jikoni na kurudi, na kwamba waya haukuguswa na mtu.

"Ile siku ya Phocas," alisema, "ulikuwa wapi?"

"Mi? Nilikuwa ku depo. Juu ya nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Umva, sikiliza, shemeki. Mambo ya wafu tuache."

Nzabonimpa alikula chakula cha jioni pale, akasifu maharagwe. Alipoondoka ndipo Donatha alipokumbuka kwamba Nzabonimpa alipewa kazi kwenye depo ya Rutagengwa baada ya maziko. Kabla ya hapo hakuwa na depo yoyote ya kukaa.

Siku iliyofuata alirudi Mbugangari, akamwomba Twahir afungue taa moja ya nyuma, aitoe kabisa, aiweke mezani na kuiunganisha moja kwa moja na betri. Twahir alisema huo si utaratibu, lakini akafanya. Taa ikawa imelala kati ya spana na kopo la grisi, inawaka. Wakakaa kwenye matairi wakiitazama. Wateja walikuja na kuondoka. Taa iliendelea kuwaka.

Mchana mzee Rutagengwa alikuja kuchukua pikapu yake iliyokuwa imebadilishwa mafuta. Alipovuka geti, taa ya mezani ikazimika. Twahir aliinuka, akagusa waya mmoja, akagusa wa pili, akaweka balbu nyingine. Haikuwaka. Akachukua taa ya kupimia, akapima betri. Hata taa ya kupimia haikuwaka. Lakini pikapu ya Rutagengwa ilikuwa imeegeshwa pembeni, na taa zake zote zilikuwa sawa.

"Bado ile taa, Mama Teta?" Rutagengwa aliuliza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ihangane, pole. Hii gari ilikuwa vile tangu zamani. Mi nilikuwa namwambia Phocas, sha, tengeneza, tengeneza. Alikuwa mutu wa kucheka tu."

"Alikuwa ananiita nisimame nyuma kila siku, mzee."

"Bon. Bibi ya mutu anaona na roho, si na macho." Akacheka kidogo, kwa huzuni. "Jumamosi nitaleta shitingi na viti. Na vinywaji. We usisumbuke kabisa."

Alipanda pikapu, akaondoka. Kabla mlio wa injini haujapotea, taa ya mezani iliwaka.

Twahir aliitazama, kisha akatazama geti.

"Si waya," alisema. "Na si betri."

Akaenda kumimina chai.

"Utasema hivyo Jumamosi?" Donatha alimuuliza.

Twahir aliweka sukari, akakoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Mama Teta, magari yake yote yanatengenezwa hapa. Mimi ni fundi. Sikuwepo barabarani."

"Sikusema useme ya barabarani. Sema ya mezani."

"Chai inapoa," alisema Twahir.

Ilibaki Rubona. Donatha alikwenda jioni, wakati mitumbwi inajiandaa kutoka, akaegesha Carina buti likielekea kwenye meza ya Alliance, muuza sambaza ambaye Phocas alikuwa mteja wake. Aliacha taa ndogo zikiwa zimewashwa. Alipogeuka kutazama, zilikuwa gizani.

"Mama Teta!" Alliance alipaza sauti. "Leo unakuja kununua, ao unakuja kuniangalia kama polisi?"

"Nakuja kununua."

"Basi ongea kama mutu mwenye kununua. Hizi ni za leo. Zile za mama pale ziko na harufu ya jana, usimwambie nimesema."

Mama wa meza ya pili alijibu kwamba harufu ile inatoka kwenye mdomo wa Alliance, na wote wakacheka. Donatha alisubiri kicheko kiishe.

"Alliance, jioni ile ulikuwa unapandisha sambaza mjini. Ulipita kwa ile kona."

Alliance alifunika sinia kwa nailoni. "Nilipita."

"Uliona taa?"

"We, mutu akiwa amelala chini vile, utaangalia taa? Mi niliangalia yeye."

"Lakini ulisema haziwaki."

"Muzee Rutagengwa alisema haziwake. Shemeki yako alitoka mu pikapu akasema haziwake. Donc na mi nikasema haziwake. Mitumbwi yenye inaniletea samaki ni ya nani? We ungesema nini?"

"Nzabonimpa alitoka kwenye pikapu?"

Alliance alimtazama, akajua kwamba ametoa kitu ambacho hakikuwa chake kutoa. Akaanza kupima sambaza bila kuulizwa kiasi.

"Jumamosi useme hivyo," Donatha alisema. "Kama ulivyoniambia."

"Jumamosi nitaleta sambaza. Mingi, za bure. Juu ya Phocas." Akamfungia mfuko, akamshika kiganja. "Shenge, kwenda basi, kabla ya giza. Na hiyo gari yako haina taa."

Jumamosi misa ilikuwa fupi. Watu wa jumuiya walikuja uani kwa Donatha, wakakaa chini ya shitingi, turubai la Rutagengwa, kwenye viti vya Rutagengwa. Kulikuwa na wingu zito juu ya milima, na mapema tu kukawa na kiza cha jioni. Donatha alikuwa ameegesha Carina mbele yao, nyuma ya gari ikiwaelekea, kama mgeni wa heshima aliyewapa mgongo. Taa ndogo zilikuwa zimewashwa tangu kabla ya misa. Zilikuwa zimezimika.

Alipanga kazi vizuri. Alimwomba Alliance aende jikoni kwa sababu sambaza zilikuwa zinaungua. Alimtuma Nzabonimpa barabarani kuchukua kreti zilizobaki kwenye pikapu. Akamkaribisha Rutagengwa sebuleni akae na padri, kwenye kochi, mbali na upepo. Kisha akamwonyesha Twagirimana ishara kwamba aanze.

Mzee alisimama, akakohoa, akashukuru. Alipofika kwenye maneno "gari lisilo na taa," uani kulikuwa na wekundu kwenye nyuso za watu wote. Viatu vya waliokaa mbele vilikuwa vyekundu. Twagirimana akageuka kulitazama gari.

"Angalieni," Donatha alisema. "Ziko zinawaka."

Waliangalia. Hakuna aliyesimama. Alliance alitoka jikoni na sinia, na taa zikazimika. Akaona macho ya watu, akaangalia gari, akarudi ndani taratibu na sinia yake. Zikawaka. Nzabonimpa akaingia getini na kreti kichwani. Zikazimika. Mtu mmoja nyuma akamwambia, "We, sha, toka kidogo." Nzabonimpa akatoka, kreti bado kichwani. Zikawaka. Rutagengwa akaja kusimama kwenye kizingiti cha sebule, bilauri mkononi, kuona watu wanatazama nini. Giza likarudi, na safari hii hakuna aliyemwambia atoke.

Kila mtu pale alikuwa ameelewa. Ilionekana kwa jinsi walivyotazama chupa zao. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto kwenye mitumbwi ya Rutagengwa, au anayeuza dirishani kwenye depo yake, au ahadi ya kazi.

"Fundi," Twagirimana alisema hatimaye. Twahir alikuwa amekaa pembeni, karibu na mti wa avokado. "We unajua voiture. Tuambie. Hii ni kitu gani?"

Twahir alisimama. Alimtazama Donatha, akaitazama bilauri ya Rutagengwa.

"Gari la zamani," alisema. "Waya zinachoka."

"Njo vile," alikubali mmoja.

"Njo vile kabisa. Zinawaka, zinazimika."

"Hata ya kwangu."

Watu wakapumua, viti vikalia. Twagirimana alirudi mahali alipoachia, akamaliza maelezo kama yalivyokuwa mwaka uliopita. Rutagengwa alitoa sala ya mwisho. Alliance akaleta sambaza, na zilikuwa tamu, hazikuwa zimeungua. Kabla ya kuondoka Rutagengwa alimwambia Donatha mbele ya wote kwamba atamnunulia taa mpya kabisa, za dukani, ili roho yake ipumzike, na wanawake wakapiga makofi.

Alizinunua kweli. Juma lililofuata Donatha alizipeleka Mbugangari. Twahir alizifunga, akakaza skrubu, akafuta vioo kwa kitambaa. Donatha alirudisha gari kinyumenyume mpaka karibu na ukuta wa chokaa, akavuta breki ya mkono. Twahir akasimama mahali pake, kati ya buti na ukuta.

"Kanyaga," alisema.

Donatha alikanyaga.

Kwenye kioo aliona ukuta, mweupe juu, mweusi chini.

"Achia," Twahir alisema. "Kanyaga tena."

Alikanyaga tena.

"Haziwaki," alisema Twahir. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kusema zinawaka. Alibaki amesimama kidogo, kitambaa mkononi. "Labda balbu. Hizi mpya siku hizi si imara. Nina nyingine ndani."

"Haya," Donatha alisema.

Twahir aliingia stoo. Donatha hakutoa mguu kwenye breki. Ukuta ulikuwa mwekundu wote, mpaka kwenye moshi wa chini. Aliutazama kwenye kioo, akasema neno alilozoea kumwambia Phocas, kwa sauti ya chini, akaendelea kutazama mpaka aliposikia viatu vya fundi vinarudi.